Nyayo za Tomaso Kwenye Ua wa Mama Chen

Kwa miaka miwili mizima niliamini kwamba Mtume Tomaso, yule yule aliyekataa kusadiki mpaka atie kidole, alifika Guangzhou kwa merikebu, akateremka, akatembea moja kwa moja hadi kwenye ua wa ghala letu, akasimama mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, na jiwe likabonyea chini ya nyayo zake kama ugali ambao haujapoa. Sikusikia habari hiyo nikacheka. Niliisikia nikaiamini, nikaieneza, na kama ningeachwa miezi michache zaidi ningejenga na kibanda cha tiketi.

Vijana wa ofisi mmeniomba niandike kazi ya kusafirisha mizigo ilivyokuwa kabla yenu, sasa kwa kuwa nimestaafu na sina shughuli ila kumwagilia bustani ya mke wangu, bustani ambayo inakufa kwa kunywa maji. Habari za vyeo mnisamehe. Tulikuwa wawili ofisini, mmoja bosi na mwingine mimi, na ngazi ya kupanda haikuwepo. Mishahara nayo niiache ipumzike. Ila kila nikianza kuandika habari za mizigo, lile jiwe linajitokeza katikati ya sentensi, kwa hiyo nimeamua liingie tu.

Nilifika Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini nikiwa na cheti cha shule ya jioni. Mchana nilikuwa nauza spea za baiskeli Kariakoo, jioni nasomea uwakala wa forodha katika darasa ambalo nusu ya wanafunzi walilala kuanzia kipindi cha kwanza. Mimi nililala pia, lakini nililala nikiwa nimekaa safu ya mbele, na nadhani ndiyo maana nilifaulu. Bwana Khamis, Mzanzibari aliyekuwa na ofisi ya mizigo Barabara ya Zhanqian, karibu na stesheni ya reli, alikuwa anatafuta mtu anayejua kusoma hati ya shehena. Aliponiona nateremka na sanduku la mbao na koti la baridi la mjomba wangu lililonifika kwenye vifundo vya miguu, alinitazama kama mzigo uliokosewa anwani.

"Wewe ndiye Elias msomi?"

"Ndiye mimi, bwana."

"Umesomea wapi?"

"Shule ya jioni."

"Basi yakhe, huku kazi ni ya mchana. Itabidi uanze upya."

Alinipa vifaa viwili siku ileile. Cha kwanza kilikuwa tepu ya chuma ya kupimia, iliyojikunja yenyewe kwa hasira na kunikata vidole vyote kumi, na nadhani na vya miguu. Ninyi leo mnaletewa vipimo vya kila katoni kwenye simu. Sisi tulipima kwa mkono, na Bwana Khamis alinifundisha kupima katoni mahali iliponenepa, si mahali kiwanda kinapokuonyesha, maana katoni ya nguo ni kama mtu aliyekula pilau: ukimpima mabegani unajidanganya. Kifaa cha pili kilikuwa kalamu ya wino mnene, ya kuandika alama ya mwenye mzigo kila upande wa katoni, ili zikifika Dar au Mombasa zijulikane za nani. Siku hizo hapakuwa na bandari ya Nansha mnayoiringia. Tulipeleka kontena Huangpu, na barabara ya kwenda Huangpu ilikuwa na mashimo ambayo naapa lori liliwahi kuingia asubuhi likatokea limebadilika rangi.

Baada ya vifaa, nikapewa sheria. Alinipeleka Shisanhang, ule mtaa wa nguo za jumla ambako watu wanabeba mafurushi makubwa kuliko wao, akasimama mlangoni mwa duka moja na kuniambia kwa sauti ya chini:

"Kitu unachokitaka usikitazame mara mbili. Na usiulize ni kitu gani, kimetoka wapi, kina umri gani. Ukiuliza umeshanunua."

Kisha akaingia kunionyesha. Alisifu feni iliyokuwa ukutani. Aligombana na mwenye duka kuhusu soksi mpaka nikatafuta njia ya kukimbilia. Akapiga miayo. Akatoka nje, akarudi kama aliyesahau mwavuli, na hapo ndipo alipogusa kitambaa cha pazia kwa ncha ya kidole, kwa huruma, kama anayemgusa mgonjwa, akataja bei. Kitambaa kile ndicho kilichotutoa nyumbani asubuhi. Mwenye duka naye hakuuliza tunakipeleka wapi wala kitashonwa nini. Alitaja bei yake, tukataja yetu, akasema "meiyou", yaani hakuna, kisha kikapatikana.

Nikaishika sheria ile kuliko Bwana Khamis mwenyewe. Miezi sita baadaye nilikuwa naweza kukaa na muuza vifungo saa nzima nikajua bei zake zote na bei za shemeji yake, nisijue kama ana watoto. Naye kwangu vivyo hivyo. Tulielewana sana.

Ghala letu lilikuwa mtaa wa nyuma wa Shisanhang, ndani ya nyumba ya zamani yenye ua katikati. Mwenye nyumba alikuwa Mama Chen, mjane wa miaka sitini na kitu, aliyekaa juu na kukaanga samaki chini, uani, akiwa na ndara za plastiki za rangi ya waridi mvua inyeshe au jua liwake. Kwenye kona ya ua ule ndipo jiwe lilipokuwa. Lilikuwa limezama ardhini, na kilichotokeza juu ni pembe mbili nene, moja kushoto na moja kulia, kila moja imefika usawa wa goti, kati yake hatua moja pana. Mwezi mchanga uliolazwa chali na kufukiwa tumbo, hivyo ndivyo lilivyoonekana. Juu ya kila pembe palikuwa na bonde dogo laini, lililong'aa. Mwanzoni tulilitumia kufungia baiskeli.

Sasa niwaambie habari za Mama Njeri, maana bila yeye jiwe lingebaki la baiskeli. Mama Njeri alikuwa mfanyabiashara kutoka Nairobi, mwenye duka la vitu vya kanisa: rozari, mishumaa, picha za watakatifu. Alikuja na sauti yake, na sauti ilifika kabla yake. Mzigo wake wa kwanza mikononi mwangu ndio mzigo mgumu kuliko yote niliyowahi kufunga. Alikuwa ameagiza kiwandani mapango ya Krismasi ya plastiki, yenye Mtoto Yesu, wazazi, wachungaji na mamajusi, na taa inayowaka ukibonyeza. Tulipofungua katoni ya kwanza kukagua, tukakuta kiwanda kimetumia kalibu moja kwa wanaume wote. Yosefu, wachungaji na mamajusi watatu walikuwa na uso mmoja, na uso wenyewe ulikuwa wa mtu anayeuza vitasa. Ng'ombe alikuwa nyati wa kulimia mpunga. Nadhani kondoo walikuwa wanatabasamu.

"Elias," akasema Mama Njeri, "hii ni familia ama ni mkutano wa ukoo?"

"Mama, ukiwaweka mbali kidogo hawafanani."

"Kwani nitauza na darubini?"

Alimpigia simu baba yake pale pale ofisini. Baba yake, Mzee Gachanja, alikuwa katekista mstaafu huko Murang'a, na kumbe ndiye aliyekuwa mkaguzi wa kweli wa biashara ile. Nilimsikia kwenye simu akiuliza, taratibu, kama mwalimu ubaoni: je, wameweka banda au pango? Mama Njeri akasema ni banda la nyasi. Mzee akasema Bethlehemu ni pango, watu wanateremka kuliingia, na mlango wa kanisa lililo juu yake ni mfupi, hata mkubwa lazima ainame. Mzee mwenyewe hakuwa amewahi kufika huko. Alikuwa amefundisha watoto habari hizo maisha yake yote, amechora Galilaya kwa chaki mara nyingi mpaka, kwa maneno ya binti yake, anaweza kukuelekeza njia ya kwenda Kapernaumu vizuri kuliko ya kwenda posta. Na alikuwa na magoti mabaya sana.

Kiwanda kilikataa kubadilisha nyuso. Tulikubaliana wachonge mapango upya na wapake ndevu rangi tofauti. Nilipanga zile katoni kwa mkono wangu, moja moja, mamajusi wakilala kifudifudi, na zilifika Mombasa bila hata ndevu moja kukatika. Nasema hivyo kwa fahari inayozidi ile ya cheti changu.

Basi. Katika siku hizo akaja kwenye mgahawa tuliokuwa tunakula Mhindi mmoja wa Kerala, mnunuzi wa bawaba na vitasa, Mkristo mtulivu. Akatueleza kwamba kanisa la kwao lilipandwa na Mtume Tomaso, na kaburi lake liko kwao India, karibu na Madras, watu wanakwenda kuhiji. Halafu, huku anachambua miiba ya samaki, akaongeza: "Na wazee wetu husema alifika mpaka China, akarudi." Akalipa, akaondoka, na hatukumwona tena. Yaani mtu anaweza kuwasha moto mkubwa hivyo kisha akaenda zake kununua bawaba.

Usiku ule sikulala. Nilijiuliza: alifika China, sawa, wapi? Na jibu nililiona wazi kama alama ya katoni. Mtu yeyote anayekuja China kwa mara ya kwanza anaanzia Guangzhou. Kwa nini mtume aanzie kwingine? Kesho yake mchana nikawa uani nafungua baiskeli, nikaona yale mabonde mawili juu ya pembe za jiwe. Nikavua viatu. Nikapanda. Mguu wa kulia ukaingia kwenye bonde la kulia, wa kushoto ukaingia kwenye la kushoto, kisigino na vidole, kama viatu nilivyoshonewa.

Nilimwita Bwana Khamis. Alilizunguka jiwe, mikono nyuma.

"Lakini yakhe, mbona kasimama mapana hivi?"

"Alikuwa ametoka merikebuni, bwana. Mtu aliyezoea mawimbi husimama hivyo."

Akafikiri. "Hilo lina maana," akasema.

Akaniambia nisimwulize kitu Mama Chen. Akijua jiwe lina thamani atapandisha kodi. Hilo sikuhitaji kuambiwa. Tangu siku ile nilipokuwa napita karibu na jiwe na Mama Chen yuko, nilikuwa natazama paa.

Habari ikasambaa bila sisi kusema, au kwa sisi kusema kidogo sana, labda kwa watu arobaini. Waislamu wetu wa Dar na Unguja walikuwa na mahali pao pa Ijumaa, kaburi la Sahaba lililo penye miti, si mbali na stesheni, linaloheshimiwa na Wachina Waislamu tangu zamani za zamani. Sisi Wakristo tulikuwa tunawaonea wivu. Sasa na sisi tukawa na chetu. Mkenya akifunga kontena lake anakuja uani, anajifanya anafunga kamba ya kiatu, anainama na kugusa nyayo. Mkongomani mmoja aliinama muda mrefu hivi kwamba Mama Chen alimletea stuli. Hata Bwana Khamis aliniita siku moja pembeni: "Mimi simo katika hayo, unanijua. Lakini ukipita pale, gusa na kwa ajili ya lile kontena la vigae."

Kisha ukaja ushahidi ulionimaliza. Asubuhi moja tulikuta mbele ya jiwe kopo la mchanga limechomekwa vijiti vitatu vya udi, vinafuka moshi. Mama Chen ndiye aliyeviweka. Kesho yake vitatu vingine, na chungwa. Nikamwambia Bwana Khamis: unaona? Wenyeji wanajua. Wamekuwa wanajua miaka yote, wanatuficha.

"Wanaficha bei," akasema.

Ndivyo tulivyokaa. Yeye anatazama paa, mimi natazama paa, Mama Chen anakaanga samaki na kuwasha udi.

Mama Njeri aliposikia habari za jiwe hakugusa wala hakuinama. Alikaa juu ya katoni, akaanza kuuliza maswali ambayo nilijua si yake. Nyayo zinatazama upande gani? Mashariki au magharibi? Vidole vinaonekana? Nilipomjibu alipiga simu Murang'a, akarudi na mengine. Moja nalikumbuka neno kwa neno: "Baba anauliza, huyo mtume alikuwa amesimama ama alikuwa amepanda punda?"

Nikaeleza habari ya mawimbi. Aliipeleka. Mzee hakujibu kwa majuma mawili, nami nikajiona nimemshinda katekista.

Safari iliyofuata, Mama Njeri alikuja na mzee mwenyewe.

Nilimwona anateremka kwenye teksi mdomoni mwa kichochoro: suti ya kahawia, kofia, fimbo, na rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa mwembamba kama kalamu. Kutoka barabarani hadi uani ni mwendo wa kuvuta pumzi mara chache, lakini magoti yale yalisimama kila hatua kama yanaomba kibali. Nikampa mkono nimwegemeze.

"Shikamoo, baba. Pole na safari."

"Marahaba, kijana wangu. Wewe ndiye Elias wa mizigo?"

"Ndiye mimi."

"Ulieleza vizuri habari ya mawimbi. Sikuiamini, lakini ulieleza vizuri."

Sikujua kama nimesifiwa. Tulipokuwa tunakwenda nikamwuliza, kwa kutafuta maneno tu, kama bado ana mpango wa kwenda Nchi Takatifu siku moja. Binti yake, nyuma yangu, alinivuta koti. Lakini mzee alijibu bila shida. Parokia ilikuwa na safari, wanaondoka baada ya Pasaka: Bethlehemu, Nazareti, kaburi la Bwana Yerusalemu. Jina lake lilikuwepo kwenye orodha.

"Kule kuna ngazi," akasema. "Kaburini ngazi, pangoni ngazi, mlimani mlima. Magoti haya yana safari moja tu ndani yake, daktari aliniambia wazi. Wanjiku akaniambia huku hakuna ngazi, teksi inafika mlangoni, na mtume alisimama hapa. Nafasi yangu nimempa katekista mwenzangu."

Mama Njeri, ambaye kumbe jina lake la nyumbani ni Wanjiku, alinitazama. Nami, wapendwa, hapo ndipo kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nikahisi kitu kama baridi kwenye koti la mjomba. Nilikuwa na hakika kamili. Lakini nilikuwa na hakika ya mtu anayegusa na kwenda zake kufunga kontena. Sikuwa nimeipima kwa uzito wa mtu aliyeacha Yerusalemu. Nikaanza kujiambia: Mhindi alisema. Mguu uliingia. Udi unawaka. Nikayarudia hayo mpaka uani.

Bwana Khamis alikuwepo, amevaa kanzu safi kwa heshima ya mgeni. Mama Chen alikuwa kwenye jiko lake, sufuria la mafuta linachemka. Vijiti vya udi vilikuwa vipya.

Mzee hakujaribu kupiga magoti. Alilizunguka jiwe polepole, akaegemeza fimbo, akatia kiganja kwenye bonde la kulia. Akakiacha humo. Kisha la kushoto. Akalipapasa ukingo mpaka ukingo.

"Pamelika sana," akasema. "Kule Mlima wa Mizeituni, ndani ya kanisa dogo, upo unyayo kwenye mwamba, wanasema ni wa Bwana alipopaa. Umezungushiwa mawe kama fremu. Watu wameugusa karne kwa karne, na wenye akili kati yao wamekuwa wakijiuliza, shimo lile ni la mguu au ni la mikono yetu?" Akanyanyua uso. "Mwenye nyumba ni huyo mama?"

"Ndiye."

"Mwulize nani alisimama hapa."

Bwana Khamis alikohoa. Nikajikuta natazama paa.

"Baba," nikasema, "huku hatuulizi hivyo."

"Kwa nini?"

"Anaweza kupandisha kodi."

"Kwani mimi nimepanga nyumba?"

Hakungoja jibu. Alimgeukia Mama Chen, akavua kofia, akampungia aje. Mama Chen akaja na kijiti cha kugeuzia samaki mkononi. Mzee akaonyesha bonde la kulia, akaonyesha bonde la kushoto, akaonyesha miguu yake mwenyewe, kisha akafungua viganja vyote viwili mbele yake na kuinua nyusi. Nani? Hata mtoto angeelewa. Miaka miwili sisi wataalamu wa soko hatukuwahi kumwuliza hata kwa nyusi.

Mama Chen akang'aa uso kama mtu aliyekuwa anasubiri swali hilo. Akaanza kusema. Alisema sana, kwa Kichina cha sokoni nilichokijua na kile cha nyumbani nisichokijua, lakini maneno ya kitambaa niliyajua yote, na yalikuwa mengi mno kwa hadithi ya mtume.

"Anasemaje?" akauliza mzee.

"Anasema karibu."

"Amesema maneno mengi kuliko hayo."

"Anasema karibu sana."

"Elias," akasema Mama Njeri, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Sema."

Ila sikupata nafasi. Mama Chen, kwa kuona hatujaelewa, alinikabidhi kijiti cha samaki, akashika ukuta, na akiwa na ndara zake za waridi akapanda juu ya jiwe. Mguu wa kulia bonde la kulia, mguu wa kushoto bonde la kushoto. Bwana Khamis akasema "Astaghfirullah" kwa niaba ya Wakristo. Kisha Mama Chen akaanza kuyumba: uzito kulia, uzito kushoto, kulia, kushoto, nyonga zinakwenda kama mashua. Mkono mmoja ameuinua kushika boriti ambayo haikuwepo tena. Chini ya jiwe, kwa mkono wa pili, alituonyesha gogo la mviringo na kitambaa kimezungushiwa, jiwe linapita juu yake, linakwenda na kurudi, mpaka kitambaa kinatoka laini, kinang'aa.

Ikanibidi nitafsiri sasa, maana hata bila mimi kila mtu alikuwa ameona. Nikasema: nyumba hii zamani ilikuwa karakana ya kumalizia vitambaa. Jiwe hili ndilo lililokuwa pasi yao. Aliyesimama hapa ni babu wa mumewe, asubuhi mpaka jioni, miaka na miaka, na kabla yake baba wa babu. Mashine zilipokuja, jiwe likafukiwa tumbo ili watoto wasiliangushe.

Mafuta yalikuwa yanaruka kwenye sufuria na hakuna aliyekwenda kuyaangalia. Mama Njeri alikuwa ananitazama, na nilitamani awe na ile sauti yake kubwa. Nilitaka kusema jambo kuhusu Mhindi, jambo kuhusu mawimbi, na nikaona kila neno nililokuwa nalo lilikuwa limeshasafirishwa.

Mzee alirudisha kiganja kwenye bonde la kulia, pale ndara ilipokuwa imetoka.

"Nilitaka awe Tomaso," akasema. "Nilitaka sana."

"Baba, turudi hotelini," akasema Mama Njeri.

"Ngoja. Elias, mwulize huyo babu aliitwa nani."

Nikauliza. Chen Afu, akasema Mama Chen. Mzee alilirudia jina mara kadhaa mpaka likakaa vizuri mdomoni. Kisha akaegemea pembe ya jiwe, kofia kifuani, akafumba macho, akamwombea Chen Afu kwa jina, kwa Kikuyu, sala ndefu ya katekista isiyoruka kitu. Mama Njeri aliinamisha kichwa. Bwana Khamis alifungua viganja. Mama Chen hakujua kinachosemwa isipokuwa lile jina, na kila lilipotajwa aliitikia kwa kichwa kama anayesikia habari za jirani.

Walipokuwa wanamwelekeza mzee kwenye teksi, hatua kwa hatua, mimi nilibaki uani na kijiti cha samaki bado mkononi. Kichwa changu kilikuwa kama kontena lililopakiwa bila mpango. Niliweza kuliacha jiwe. Mguu ulioingia niliweza kuueleza, miguu ya watu inafanana. Lakini kitu kimoja kilikuwa kimekwama. Nikamwendea Mama Chen, na kwa mara ya kwanza tangu nifike China nikamwuliza mwenyeji swali ambalo mwisho wake hapakuwa na bei. Kama ni jiwe la kazi tu, udi ni wa nini? Na chungwa?

Akaninyang'anya kijiti, akageuza samaki aliyekuwa ameshaungua upande mmoja.

"Ninyi mlikuwa mnaliinamia," akasema. "Kila siku, mmoja mmoja, mkijifanya mnafunga viatu. Nikadhani mnajua kitu. Wapangaji wako wakiheshimu kitu nyumbani kwako, na wewe unakiheshimu, ndiyo adabu. Nikawa nanunua udi. Lakini hilo ni jiwe la kukanyagia nguo, Elias. Ungeniuliza, ningekwambia siku ya kwanza."